Siku Mbili za Mke na Mume Nje ya Mombasa

Mwaka juzi kijana wetu mkubwa, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameanza kupokea mshahara, alitujia na bahasha mkononi. Akasema, "Baba, mama, tangu nizaliwe sijawaona mkitoka nyinyi wawili peke yenu. Nendeni mkapumzike." Nilimwombea dua, na jioni ile ile nikapiga simu kwenye hoteli moja kubwa ya pwani ya kusini ambayo nilikuwa nikisikia sifa zake. Mama watoto sikumuuliza neno. Nilidhani kwamba kumficha ndiko kutakakomfurahisha.

Tulifika Ijumaa jioni. Mahali penyewe palipendeza macho, sikatai. Lakini bwawa la kuogelea lilikuwa katikati ya kila jicho, wanaume kwa wanawake. Usiku tulikula baina ya chupa za mvinyo, na muziki haukunyamaza mpaka usiku wa manane. Mke wangu alishinda chumbani, pazia limeshushwa, buibui amelitandika juu ya kiti asije akagongewa mlango naye hajajistiri. Jumamosi baada ya Alasiri aliniuliza kwa upole, "Mwalimu, tutarudi lini?" Tukarudi siku hiyo hiyo, tukauacha usiku wa pili ambao tulikuwa tumekwisha kuulipia.

Hoteli siilaumu. Ile ni biashara iliyojengewa watu wengine, nao huifurahia. Mwenye kosa ni mimi niliyechagua mahali kwa sifa zilizosemwa na watu, nikamsahau mtu niliyempeleka.

Jambo hili nalieleza hadharani kwa sababu katika kazi yangu ya kusuluhisha unyumba, swali ninaloanza nalo siku hizi ni hili: mara ya mwisho mlikaa lini nyinyi wawili, bila ya mtoto, bila ya mgeni, bila ya simu? Wengi hutazamana. Wengine hucheka kwa haya, na wako wanaoniambia kwamba mambo hayo ni ya vijana. Mtu mwenye wajukuu atawaaga vipi majirani kwamba anakwenda kupumzika na mkewe? Hao huwakumbusha kisa cha Mtume wetu (S.A.W.) ambaye akiwa safarini aliwataka maswahaba watangulie mbele, kisha akashindana mbio na Bibi Aisha (R.A.). Bibi Aisha akamshinda. Miaka ikapita, Bibi Aisha akawa amenenepa, wakashindana tena, na mara hii Mtume akawa ndiye mshindi, akamtania kwamba ushindi huu umelipa ule wa kwanza. Ikiwa yeye alipata nafasi ya kukimbizana na mkewe jangwani, sisi wenye magari na barabara za lami tuna udhuru gani?

Safari ya pili nilianza kwa kuuliza. Nilimwuliza mama watoto anataka nini, naye hakutaja jina la mahali popote. Alisema anataka kulala baada ya swala ya Alfajiri bila ya kuwaza nani atabandika chai. Anataka kutia miguu baharini pasipo mtu wa kumtazama. Na anataka mahali ambapo akisikia adhana hatajiona mgeni. Nami nikatafuta mahali penye mambo hayo matatu, nikapaona Wasini.

Kwa asiyepajua, Wasini ni kisiwa kilicho mbele ya Shimoni, kusini kabisa mwa pwani yetu, karibu na mpaka wa Tanzania. Kutoka Mombasa unavuka Likoni kwa feri, au siku hizi unapita barabara ya Dongo Kundu ukaepukana na foleni ya kivuko, kisha unaifuata njia ya Lungalunga na kukata kushoto kuelekea baharini. Mwendo wake hukaribia kilomita 80. Gari huliacha Shimoni, kwani kisiwani hakuna gari hata moja, ukapanda mashua. Kule utawakuta Wavumba, watu wa dini na wa bahari, na vichochoro vyembamba ambavyo sauti kubwa kuliko zote ni ya kuku na ya mwadhini.

Siku ya kwenda ichagulieni pia, maana bahari ina majira yake. Kaskazi inapovuma, tuseme kuanzia Disemba hadi Machi, maji hutulia na huwa mang'avu. Kusi ikishashika, mawimbi huwa makubwa na mwani hujaa ufukweni. Aprili na Mei zina mvua za mwaka juu yake. Tena tazameni mwezi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huwa ni bamvua, na kwetu bahari ya bamvua hutoka sana kiasi cha saa nne asubuhi, ikarudi kujaa alasiri. Mwenye kutaka kutembea juu ya miamba aende siku hizo. Mwenye kutaka maji yawe karibu na mlango mchana kutwa asubiri maji mafu. Bibi zetu walizijua hesabu hizi bila ya kalenda, na sisi tunaona ajabu tukifika pwani tukakuta bahari imekwenda zake.

Sisi tulikwenda Februari, baada ya swala ya Ijumaa, tukafikia katika nyumba ndogo ya wageni ya familia moja ya pale. Mwenye nyumba alituonyesha pipa la maji akatuomba tuyatumie kwa uangalifu, kwani maji matamu ni adimu kisiwani na kwa miaka mingi watu wametegemea kukinga ya mvua. Mke wangu akatawadha kwa kopo moja, nami kwa mbili, akanicheka. Asubuhi yake alilala mpaka saa tatu. Aliletewa mahamri, mbaazi na chai, akavitazama kwanza kabla ya kuvigusa, kama mtu aliyeletewa cha mwenziwe kwa makosa.

Nyuma ya kijiji kuna mahali ninapowausia hasa kina mama wapaone. Ni uwanda wa matumbawe ya kale yaliyosimama juu ya nchi kavu, yamechongoka kwa maumbo ya ajabu, na baina yake kuna mikoko. Juu yake wanawake wa kisiwani wamejenga njia ya mbao, nao ndio wanaoisimamia na kupokea kiingilio. Maji yakijaa sana, bahari huingia mpaka chini ya mbao zile. Asubuhi ile hapakuwa na mtu. Mama watoto alivua viatu, akakaa kitako, akaninginiza miguu.

Tulikaa kimya kitambo kirefu. Kisha akasema, bila ya kunitazama, "Unajua, tangu binti yetu aolewe, chakula cha usiku hukila peke yangu."

Baada ya Magharibi mimi nina darsa. Baada ya Isha nina baraza na wenzangu. Nikirudi saa nne, sahani yangu imefunikwa kawa, nami hula nikalala. Nilijua kwamba yeye amekwisha kula. Sikupata kujiuliza amekula na nani. Binti yetu alikuwa ameolewa miezi 14 iliyopita. Miezi 14 tulikuwa tumelala nyumba moja, na maneno hayo hayakupata nafasi ya kutamkwa jikoni, wala barazani, wala ndani ya gari tukienda kuhani misiba. Hakulalama. Aliyasema kwa sauti ile ile ambayo angeniambia kwamba unga umepanda bei. Nami ninayewajibu watu maswali yao kila wiki redioni na msikitini, sikuwa na la kumjibu. Nilivua viatu nikakaa karibu yake.

Tangu turudi nimeacha baraza siku nne za wiki. Wenzangu wamenipa jina la utani ambalo sitaliandika hapa.

Wasini haitamfaa kila mtu, na hili nalisema kwa wanaopenda kuiga. Mwenye magoti mabovu ataona taabu kupanda na kushuka mashuani. Mwenye kuogopa bahari asilazimishwe. Nafsi iliyojaa hofu haipumziki. Na wako watakaochoshwa na ule ukimya siku ya kwanza tu. Kwa wenye nguvu, Shimoni kuna mashua za kwenda hifadhi ya bahari ya Kisite, na mara nyingi njiani huonekana pomboo wakirukaruka. Mke wangu aliwatazama kwa mbali akasema inatosha.

Anayetaka Diani asikate tamaa kwa kisa changu. Iko chini ya kilomita 40 kutoka mjini, na mbali na hoteli kubwa zimo nyumba za kupanga zenye ua na ukuta, ambamo mwanamke aweza kukaa bila ya buibui kutwa nzima. Kabla ya kutuma fedha, ulizeni wazi: ua unaonekana kutoka ghorofa ya jirani? Bwawa, kama lipo, ni la nyumba hiyo peke yake? Mpishi ni nani? Mtu asione haya kuuliza, maana anayelipa ni yeye. Mkiwa huko msiache kwenda Msikiti wa Kongo, pale Mto Mwachema unapoingia baharini. Ni msikiti wa kale uliozungukwa na mibuyu, na mpaka leo watu wanasali ndani yake.

Kwa asiyependa pwani, Shimba Hills ipo juu ya Kwale, nayo ni kama saa moja ya gari kutoka ng'ambo ya Likoni. Hewa yake ni baridi kuliko ya mjini, kuna msitu, kuna ndovu, na hapo ndipo mahali pa pekee katika Kenya nzima pa kumwona palahala porini. Kuna maporomoko ya maji ambayo huyafikia kwa miguu mkifuatana na askari wa wanyama. Nawaambia wanandoa wapya waende huko: kupanda na kushuka mlima hufundisha nani humngojea mwenziwe.

Na asiye na fedha za kulala nje? Atoke asubuhi arudi jioni. Jumba la Mtwana, pale Mtwapa, ni magofu ya mji wa Waislamu wa karne ya 14 uliotazama bahari. Ina misikiti minne, na katika ule ulio kando ya ufukwe inaonyeshwa sehemu iliyotengwa kwa ajili ya wanawake. Wazee wetu wa zamani waliwakumbuka wake zao katika ramani ya msikiti, na baadhi yetu leo tunajenga misikiti ya ghorofa tukawasahau. Lakini hiyo ni makala nyingine.

Nimeulizwa pia juu ya swala. Sisi Mashafi huhesabu marhala mbili, nazo ni kilomita 80 na ushei. Mwenye kwenda Diani, Kwale, Mtwapa au Kilifi hajafikia kiwango hicho, basi atasali kamili, kila swala kwa wakati wake. Watamu na Malindi ziko zaidi ya kilomita 100, na msafiri wa huko ana ruhusa ya kupunguza na kukusanya. Shimoni imekaa mpakani hasa. Sisi tulisali kamili, kwa kuwa penye shaka mimi hupendelea yakini.

Na watoto je? Kina mama wenye watoto wadogo ndio wenye haja kubwa ya siku hizi mbili, na ndio wasioweza kuondoka. Hapa nasema na kina nyanya na kina shangazi: chukueni watoto. Msingoje kuombwa, maana mke mwenye heshima zake atakufa na uchovu kabla ya kumwambia mama mkwe kwamba anataka kutoka na mumewe. Na mume asiseme, "Watoto twende nao, watatuburudisha." Huyo amehamisha jiko tu kutoka nyumba moja kwenda nyingine.

Mwaka huu bahasha haikuja. Tumeweka akiba wenyewe, kidogo kidogo, katika kopo la maziwa lililo juu ya kabati. Mama watoto amekwisha kuchagua: Gede, karibu na Watamu, ule mji wa mawe ulio msituni ambao mwaka 2024 umeingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Amesikia kwamba kuna nyumba mle inayoitwa Nyumba ya Mkasi kwa sababu wachimbaji waliukuta mkasi ndani yake, na kwamba kuna kaburi lililoandikwa mwaka 802 wa Hijria. Yeye ni mshonaji, anataka kuuona huo mkasi ulitoka chumba gani. Nimemwambia kwamba jua la Gede ni kali na kutembea ni kwingi. Akanijibu kwamba atakuja na mwavuli, na kwamba mimi ndiye nitakayebeba maji.