Perege Madume: Unalipia Dawa au Baba?

Jirani yangu hapa Pongwe amechimba bwawa nyuma ya nyumba, sasa anajiuliza: anunue vifaranga wa kawaida, au wale wa "madume watupu" ambao bei yao imechangamka?

Nilimwambia aanze na hesabu ya jike. Jike wa perege huatamia mayai mdomoni, na muda wote huo hali. Huanza kuzaa angali mdogo, akirudia kila baada ya wiki chache. Baada ya miezi kadhaa bwawa limejaa vitoto visivyouzika, vinagombea pumba na wale uliowanunua. Kifaranga wa bei chee hukudai hapo, kwenye chakula.

Unaweza kuchambua madume kwa mkono. Subiri wafike kama gramu 30, mgeuze samaki tumbo juu, umpake wino kidogo sehemu ya uzazi: dume ana tundu mbili, jike tatu. Dawa hakuna, ila nusu ya uliowalisha unawatoa. Ukitaka madume 1,000, nunua 2,000. Na jicho likichoka, majike wachache hupita.

Wengi wanaouzwa kama madume wamelishwa homoni, methiltestosteroni, tangu walipoanza kula, kwa wiki tatu au nne. Aliyezaliwa kuwa jike hukua na mwili wa dume. Kazi inafanyika, lakini unanunua uaminifu wa mlishaji. Muulize alilisha siku ngapi; akibabaika, ondoka na pesa yako.

Mimi navutiwa na wale ambao udume wao umetoka kwa baba. Tena kisa kimeanzia pwani yetu: mtafiti wa samaki C. F. Hickling, akiwa Malacca huko Asia, alichukua madume wa perege waliotoka Zanzibar, ukoo wa mto Wami, akawapandisha kwa majike wa perege wa Msumbiji. Mwaka 1960 alitangaza kwamba watoto walikuwa madume. Ukigeuza wazazi, majike wanarudi. Gharama yake ni ulinzi: koo mbili, mabwawa mbalimbali, na samaki mmoja akivuka umeharibu mbegu.

Maabara zimekwenda mbali zaidi. Uingereza, miaka ya 1990, mayai ya sato, perege wa Mto Nile, yalipigwa mionzi hadi jeni za mama zikafa, yakarutubishwa, kisha yakashtuliwa kwa joto ili jeni za baba zijirudufu. Mtoto hurithi baba peke yake. Wengi hufa, kwa hiyo usiwatarajie sokoni. Lakini baadhi ya wanaopona ni madume wa YY, yaani wenye kromosomu mbili za kiume, na dume wa namna hiyo huzaa karibu madume watupu bila homoni. Anayekuuzia "mbegu ya YY" akuonyeshe basi huyo baba.

Jirani amechagua kuchambua. Ana watoto wawili wenye macho makali, na majike watakaotolewa, anasema, mkewe ameshawapangia sufuria ya mafuta.