Kisukari cha Ukoo na Mimba

Binti wa Pwani aliyeolewa akingali mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, huko Nchiru, huhudhuria kliniki mbali na mamaye na shangazize. Akipimwa akakutwa na sukari, kwa kawaida huhesabiwa kuwa ni kisukari cha mimba. Je, iwapo alizaliwa nayo?

Kipo kisukari kitokanacho na hitilafu ya jeni moja tu. Mzazi akiwa nayo, kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi. Jeni ya glukokinasi, kwa mfano, huliarifu kongosho kiasi cha sukari kilichomo damuni. Ikiharibika, mtu huishi na sukari iliyozidi kidogo tangu kuzaliwa, na nje ya mimba aghalabu hahitaji dawa.

Mimba ndiyo huleta fumbo. Mwaka 1998 Andrew Hattersley na wenzake nchini Uingereza walionyesha kuwa mtoto asiyerithi hitilafu hiyo hunenepeshwa na sukari ya mama, ilhali aliyerithi hukua kwa kadiri. Huyu wa pili, mama akizidishiwa insulini, aweza kuzaliwa mdogo mno. Ndiyo maana madaktari hufuatilia ukuaji wa tumbo la mtoto kwa picha kabla ya kuamua dawa.

Kipimo cha jeni ni ghali. Kuuliza nasaba ni bure. Enyi wazazi, mpigieni simu binti yenu mumweleze nani ukooni alipata sukari, kwa umri gani, alikuwa mnene au mwembamba, na wanawe walizaliwa na uzito gani. Ayaandike, ampe daktari. Wala asiache sindano kwa kauli ya jirani.