Moto Usoni Usioonekana

Ukimwambia mtu wa Kindu kwamba umeandika makala, anaweza kukuuliza gunia ni bei gani. Huku Maniema, mashariki mwa Kongo, makala ni mkaa, ule unaojazwa kwenye mbabula, yaani jiko la mkaa, kabla ya alfajiri ili mikate ya kukaanga iwawahi wanafunzi na wasafiri wa mitumbwi ya kuvukia mto hadi Alunguli. Tuseme yupo mama wa miaka arobaini na kitu, aliyekaa mbele ya mbabula hiyo miaka kumi. Mashavu yake yanawaka. Akijimwagia maji yanatulia, kisha yanawaka tena hata akiwa kitandani. Vipele vimemtoka puani na kidevuni. Jirani mmoja anasema ni joto tu, wa pili chunusi, wa tatu anashuku mkono wa mtu.

Huenda ni rosasea, ugonjwa sugu wa ngozi ya uso ambao mara nyingi huanza baada ya umri wa miaka 30. Hauambukizi. Hautokani na uchafu wala pombe, ingawa pombe inaweza kuuchochea. Wengi waliovimba pua kwa ugonjwa huu wameitwa walevi bila kuonja hata tone la lotoko, pombe kali ya kienyeji.

Shida ni kwamba vitabu vingi vimeueleza kwa wekundu, kwa kuwa viliandikwa mbele ya nyuso nyeupe. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hujificha. Shavu huonekana limekoza tu, kahawia au zambarau iliyofifia. Hapo kuuliza kunasaidia kuliko kutazama: uso unachoma? Sabuni inawasha? Macho yana mchanga asubuhi? Halafu mkono: daktari huweka mgongo wa kiganja shavuni kusikia joto, au hubonyeza kipande cha kioo juu ya ngozi. Damu ikisukumwa, rangi hupauka chini ya kioo; kikiinuliwa, hurudi. Chunusi za kawaida huwa na vichwa vyeusi, rosasea haina. Lakini uso uliovimba pamoja na viungo vinavyouma na homa unaweza kuwa lupasi, na mabaka yasiyohisi kuguswa yanapaswa kupimwa ukoma. Hayo si ya kukisia nyumbani.

Kwa nini moto huo? Mwaka 2007 watafiti wa San Diego, Marekani, akiwemo Richard Gallo, walionyesha kwamba ngozi ya wagonjwa hawa ina kathelisidini nyingi kupita kiasi. Hiyo ni silaha ya mwili dhidi ya vijidudu. Kwao hukatwa vibaya na kimeng'enya, na vipande vyake huchochea uvimbe na kutanua mishipa ya damu. Utitiri wa Demodex, usioonekana kwa macho na unaoishi kwenye vinyweleo vya karibu kila mtu mzima, nao huwa mwingi zaidi kwa wagonjwa hawa. Na kuna mishipa ya fahamu. Kipokezi kiitwacho TRPV1, kilichompa David Julius sehemu ya Tuzo ya Nobel ya mwaka 2021, huamshwa na joto kali na pia na ukali wa pilipili. Kwa ngozi, mbabula na pilipili ya sombe (kisamvu) hubisha mlango mmoja.

Basi mama yetu anakwenda famasi. Anauziwa tyubu yenye betamethasoni au klobetasoli, zile zile zinazochanganywa kwenye mafuta ya kujichubua. Siku tatu uso unang'aa, anamshukuru Mungu. Hapo ndipo ninapokasirika, maana steroidi hizo zikipakwa usoni kwa muda hukondesha ngozi, na akiziacha uso hulipuka vibaya kuliko mwanzo, wiki kwa wiki. Anadhani anaihitaji dawa, kumbe sasa dawa ndiyo ugonjwa. Kuziacha ni lazima, ila afanye hivyo chini ya uangalizi wa mtu wa afya, akijua kwamba mlipuko huo utapita.

Dawa zenyewe zipo: jeli ya metronidazoli, asidi ya azelaiki, doksisiklini ya kumeza (si kwa mjamzito). Na ivermektini, ambayo huku inajulikana kwa vidonge vya kuzuia upofu wa mtoni. Mgawaji hukusimamisha kando ya kijiti kilichotiwa alama, akahesabu vidonge kwa urefu wako. Krimu yake ya asilimia 1 iliidhinishwa Marekani kwa rosasea mwaka 2014. Usimeze vidonge hivyo vya kampeni kwa ajili ya uso. Macho yakiwasha au yakiogopa mwanga, nenda hospitali mapema, kwani kioo cha jicho kinaweza kuumia.

Yaliyobaki ni ya nyumbani. Sabuni laini, chai iliyopoa kidogo, kofia pana au mwavuli, mbabula iliyogeuzwa ili upepo upeleke joto upande wa pili. Vichochezi hutofautiana, kwa hiyo daftari la madeni la muuza mikate lifanye kazi ya pili. Ukurasa wa nyuma: Jumatatu, pilipili, hakuna kitu. Alhamisi, kukaanga hadi saa nne, mashavu yaliwaka. Jumamosi, nilivuka kwenda Alunguli saa saba mchana bila mwavuli, maji yaking'aa kama bati; sikulala.