UWILI: SI UMOJA, SI WINGI

Tangu shule ya msingi tumefundishwa umoja na wingi: siku moja, siku nyingi, mkono, mikono. Kwetu sisi, kitu kikishapata mwenzake tayari ni wingi. Lakini je, wajua kwamba zipo lugha zenye kituo katikati? Kituo hicho ni uwili, yaani umbo la neno la kutajia vitu viwili tu.

Kwa Kiingereza huitwa dual, neno lililotokana na duo la Kilatini, maana yake mbili. Kila siku twalisikia. Barabara kuu yenye njia mbili zilizotengwa katikati huitwa hivyo. Hata uraia wa nchi mbili, ambao Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliuruhusu, huitwa hivyo, nasi twauita uraia pacha. Katika sarufi, hata hivyo, neno hili lina kazi yake maalum, na Kiebrania kitatuonyesha vizuri.

Kwa Kiebrania, yom ni siku moja, yomayim ni siku mbili, na yamim ni siku nyingi. Shana ni mwaka, shnatayim ni miaka miwili, shanim ni miaka. Umeona? Mwisho ule -ayim unatosha. Hakuna haja ya kutaja mbili. Viungo vya mwili vilivyo jozi hufuata njia hiyo: yadayim ni mikono, einayim ni macho, oznayim ni masikio. Miwani nayo ni mishkafayim, kwa kuwa ina vioo viwili.

Lakini tusidanganyike. Maneno mengi ya Kiebrania hayana uwili. Vitabu viwili lazima vitajwe kwa wingi pamoja na namba. Tena katika Isaya sura ya 6, maserafi wana mabawa sita, na bado neno lililotumika ni kenafayim, la uwili! Yaani mabawa huenda jozi jozi, hata yakiwa sita. Nayo mayim, maji, yana mwisho huo huo lakini si uwili. Nani atahesabu maji mawili?

Sasa turudi nyumbani. Kiarabu ni jamaa ya Kiebrania, na uwili wake una nguvu zaidi, maana karibu kila nomino huupata. Kutoka huko Kiswahili kilipokea miteni, yaani 200, na elfeni, yaani 2,000. Kwa Kiebrania 2,000 ni alpayim. Hebu tamka: alpayim, elfeni. Ni ndugu kabisa!

Pengine mtu atauliza, haya yanatusaidia nini? Mwana Kupona binti Mshamu alitunga utenzi wake mwaka 1275 wa Hijra (1858 B.K.), na katika kuutaja mwaka huo alitumia hilo neno la mia mbili. Asiyejua uwili atadhani ni mia moja tu, na kuuzeesha utenzi kwa miaka mia nzima. Kwenye mtihani wa fasihi, hapo alama zimekwenda.

Wako pia wenzangu wasemao kwamba Kiswahili ni maskini kwa sababu hakina uwili. Mimi nakataa. Ukimwita rafiki mmoja, wasema "twende". Wakiwa wawili au zaidi, wasema "twendeni". Basi ile "twende" ya kwanza ni ya nani? Ni ya wawili tu, mimi na wewe! Ni kweli mtaani wengi husema "twende" hata kwa kundi zima, lakini sarufi yetu inayo tofauti hiyo. Tumeiweka kwenye kitenzi, wenzetu wameiweka kwenye nomino. Kila lugha ina mahali pake pa kuhesabia.

Wahenga walisema wawili si mmoja. Nami naongeza: wala si wengi.

Kiswahili kitukuzwe!