Je, Wajua? Kanisa la Mbao, Miaka 900

Je, wajua kwamba kuna jengo la mbao ambalo limepigwa na theluji na mvua kwa karibu miaka 900 na bado limesimama? Ni kanisa la Urnes, kijijini, kando ya ghuba ya Lustrafjorden, magharibi mwa Norwei. Lilijengwa karibu mwaka 1130. Ukuta wake wa kaskazini una mlango mwembamba uliozungukwa na nakshi za wanyama waliojisokota, huku wakiumana shingo. Nakshi hizo zina umri mkubwa kuliko kanisa lenyewe: zilibanduliwa kwenye kanisa lililotangulia, la karne ya 11. UNESCO ililiorodhesha kanisa hilo mwaka 1979.

Ujanja wa makanisa ya mbao ya aina hii uko miguuni. Mafundi wa mwanzo walichimbia nguzo ardhini. Norwei haina mchwa, lakini unyevu ulitosha kuziozesha. Waliofuata wakapanga mawe kwanza, wakalaza boriti nene juu yake, kisha wakasimamisha nguzo juu ya boriti. Mbao za nje zikapakwa lami inayotokana na msonobari, na mpaka leo hupakwa upya kila baada ya muda. Ndiyo maana mengi ya makanisa haya ni meusi na yananukia moshi. Ndani hayakuwa na madirisha ila matundu madogo huko juu karibu na paa, wala mabenchi. Waumini walisali wamesimama.

Je, wajua kwamba kanisa la Borgund, la mwishoni mwa karne ya 12, lina vichwa vya majoka kwenye paa lake, juu kidogo ya misalaba? Ukristo ulikuwa umeshaingia zamani, lakini majoka yalikuwa bado yana kazi.

Katika Zama za Kati yalijengwa makanisa ya aina hii zaidi ya 1,000. Sasa nchini Norwei yamebaki 28. Tauni ya mwaka 1349 ilisimamisha ujenzi, ila shoka la karne ya 19 halikuwa na huruma: sheria ya mwaka 1851 ilidai kanisa litoshe sehemu maalumu ya waumini wa parokia, na haya yalikuwa madogo mno. Mengi yakavunjwa.

Hata kabla ya sheria hiyo, kanisa la kijiji cha Vang liliponea chupuchupu. Wanakijiji walitaka kubwa zaidi, mchoraji J. C. Dahl akahangaika kulitafutia mnunuzi, hadi mfalme wa Prussia, Friedrich Wilhelm IV, akakubali. Likafunguliwa kipande kwa kipande, likasafirishwa hadi Berlin, halafu likapelekwa milimani Silesia, ambako lilifunguliwa kwa ibada mwaka 1844. Mipaka ikahama, na leo liko Karpacz, nchini Poland. Katika yale 28 halihesabiwi. Wala halihesabiwi la Fantoft, jijini Bergen, lililochomwa moto makusudi mwaka 1992: linaloonekana pale sasa ni jipya, lilikamilika mwaka 1997.