Amortisere za gari letu: tuchague za namna gani?



Tangu juma lililopita kila mwanafunzi ameombwa kuleta mchango kwa ajili ya amortisere ine za Land Cruiser ya masomo. Wengi wamenifuata na kuniuliza: "Kapita, si tulitoa feranga mwaka uliopita? Zile amortisere zilienda wapi?" Ulizo hilo ni la haki. Mimi nilikuwa katika komite iliyochagua, na ni mimi niliyesema kwa nguvu kwamba tununue zile ngumu kupita zote. Nilikosea. Kwa hiyo naandika, ili kosa la kwanza lisizae la pili.

Kwanza tujue kazi yake. Watu wengi wanafikiri amortisere inabeba gari. Hapana. Anayebeba ni resori. Ukitoa amortisere zote ine, gari itasimama karibu urefu ule ule. Lakini ukiipeleka barabarani, itarukaruka kama mpira wa watoto, kwa sababu resori ikikandamizwa inarudi juu, inashuka tena, inapanda tena. Kazi ya amortisere ni kutuliza ule mchezo. Ndani yake mna mafuta na pistoni yenye matundu madogo. Gurudumu likipanda ao kushuka, pistoni inasukuma mafuta yapite katika matundu yale kwa shida, na mruko unakufa.

Nguvu ile inakwenda wapi? Ninyi mliosoma fizike munajua: nguvu haipotei, inageuka. Hapa inageuka joto. Tufanye hesabu. Tuseme gurudumu moja linabeba kilo 500, na kwenye shimo linashuka sentimetre 5. 500 × 9,8 × 0,05 ni joule 245. Kama mashimo ni mawili kwa kila segonde, ni watt 490, karibu nusu ya pasi ya umeme ya watt 1000. Si yote inaingia katika amortisere, lakini munaona ginsi kabomba kadogo kanavyoteswa. Kwa njia yetu ya Uvira, pale barabara imekunjwa kama manjanja, mateso hayo yanadumu masaa mengi. Mafuta yakichemka yanakuwa mepesi, yanachanganyika na hewa na kutoa povu. Pistoni ikipita katika povu haikamati kitu tena.

Sasa kosa letu. Gari ilikuwa inainama nyuma kila tulipobeba magunia ya mahindi. Sisi tukasema: amortisere zimechoka, tutie ngumu. Tukatia. Gari ikaendelea kuinama vile vile, tena ikiwa tupu ikawa inaruka kama mbuzi. Munakumbuka usiku ule tulipopeleka mdogo wetu wa mwaka wa kwanza hospitali kwa maumivu ya tumbo. Nilikaa nyuma, nimemshika kichwa. Kila shimo alilia, na shofele hakuweza kwenda mbio wala polepole. Kiisha mwezi wa tatu, chuma kinachoshika amortisere ya nyuma kiling'oka kwenye shasi. Ndipo fundi akalala chini ya gari akatuonyesha: katika resori ya nyuma, lamu mbili zilikuwa zimevunjika zamani. Ugonjwa ulikuwa ku resori, sisi tukatibu amortisere.

Basi, kama resori ni nzima, tuchague namna gani? Kuna aina mbili kubwa.

Ya kwanza ni ya bomba mbili, moja ndani ya ingine. Pistoni inatembea katika bomba la ndani. La inje linaweka mafuta ya akiba na kukinga la ndani na mawe. Bei yake haipandi sana. Ubaya wake, haipoi upesi. Zingine zinatiwa gazi ya azoti kidogo ili povu lisitokee haraka.

Ya pili ni ya bomba moja. Katika miaka ya 1950 Mfaransa Christian Bourcier de Carbon alitengeneza ile ambayo ndani yake pistoni ingine inaelea na kutenga mafuta na gazi yenye nguvu nyingi. Hii inapoa vizuri, kwa sababu mafuta yanagusa ukuta wa inje. Lakini jiwe likibonyeza bomba lile, pistoni inakwama, na kazi imekwisha. Tena ni ya bei kali. Kwa mawe yetu na mfuko wetu, mimi naona ile ya bomba mbili yenye gazi inatosha.

Mbele ya kulipa, tuulize mambo haya:

1. Gari inabeba uzito gani kila siku? Si uzito wa siku moja ya mavuno. Amortisere ngumu mno kwa gari tupu inapiga shasi na mgongo wa watu.

2. Urefu ni gani ikifunguka yote, na ikifungika yote? Ikiwa ndefu mno, itagonga mwisho wake mbele ya ile kauchu ya kuzuia resori kuguswa. Ikiwa fupi mno, itavutwa mpaka ikatike.

3. Gari ni ya mwaka gani? Land Cruiser za kazi za namna ya 70 zilianza mwaka 1984 na resori za lamu mbele na nyuma. Tangu mwaka 1999 zile ndefu zilipewa mbele resori za kuzunguka. Amortisere za mbele hazifanani.

4. Je, ni ya kweli? Jina kwenye karatasi ya boksi si ushuhuda. Uisimamishe, uisukume na kuivuta kwa mkono. Inapaswa kukaza sawasawa bila kurukia, na kwa kawaida kuvuta ni kugumu kuliko kusukuma. Yenye gazi, ukiiachilia, inafunguka yenyewe polepole.

Zikinunuliwa, zibadilishwe mbili mbili, kushoto na kuume pamoja. Na shofele wetu anatufundisha kipimo kizuri: kiisha safari mbaya, karibisha mkono kwa amortisere zote, bila kushika kwa nguvu usije ukaungua. Ile iliyo baridi wakati zingine ni moto, ndiyo isiyofanya kazi.

Neno langu kwa komite ni hili: kwanza tutengeneze resori, kiisha tununue amortisere za ugumu wa katikati, na fundi awepo siku ya kuchagua. Hesabu ya kila feranga itabandikwa kwenye mlango wa refektware. Mwenye shauri lingine alilete sasa, mbele ya feranga kutoka. Mwaka jana hakuna aliyenipinga, na mimi sikumwuliza fundi.

Kapita wenu, mwaka wa sita