Noah, Serena au Stepwgn: Gari lipi litaifaa familia yako?

Mzazi mwenye watoto wanne na nyanya nyumbani anaijua vyema taabu ya gari la viti vitano siku ya kufungua shule. Sanduku likiingia, mtoto hutoka. Ndiyo maana katika mitaa mingi ya Nairobi utaziona vani ndogo za Kijapani, zenye milango ya kusukuma kando, zikipakiwa magodoro na ndoo.

Nyingi huletwa zikiwa zimekwisha kutumika Japani, kwani Kenya huruhusu gari lisilozidi miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza. Mnunuzi basi aulize ni lipi litakalovumilia miaka mingine 8 mikononi mwake.

Toyota Noah ndiyo yenye jina zaidi. Vipuri vyake hupatikana upesi katika maduka ya Kirinyaga Road, vipya na vya mitumba, na si rahisi kumpata fundi ambaye hajawahi kuifungua. Ubaya wake ni bei, maana kila mtu anaitaka. Voxy ni pacha wake aliyebadilishwa sura tu, kwa hivyo usidanganywe kwamba ni gari jingine.

Nissan Serena ya mwaka huohuo kwa kawaida huwa nafuu. Kiti chake cha katikati husogezwa mbele, mtoto akapita hadi nyuma bila kumwondoa mwenzake. Honda Stepwgn nayo ina hila ya kupendeza: viti vya mwisho huzama sakafuni, na sanduku likakaa sawasawa. Kwenye Noah na Serena viti hivyo hukunjwa na kufungwa ubavuni, vikala nafasi. Lakini Stepwgn za tangu 2015 zisizo za haibridi zina injini ya 1500 cc yenye tabo, na si kila gereji ya mtaani inaielewa.

Toyota Sienta ni ndogo na haili petroli sana. Hata hivyo, watu saba wakishaketi, nyuma hubaki nafasi ya mfuko wa sukuma wiki.

Tatizo kubwa liko kwenye gia. Noah, Serena na Stepwgn za miaka ya karibuni zisizo za haibridi zote hutumia gia za CVT, ambazo huendeshwa na mkanda wa chuma. Gia hizi hutaka mafuta yake maalumu. Ukitia yale ya gia za otomatiki za kawaida, mkanda huteleza na kulika. Jirani yangu alitiliwa mafuta yoyote tu ili aokoe shilingi chache. Desemba, akitoka mashambani na familia yake, gari lilikata tamaa kwenye mpando wa Kinungi. Injini ilinguruma, magurudumu yakatulia. Karo ya muhula wa kwanza ilinunua gia nyingine.

Kwa hivyo, ukienda kulitazama gari, nenda na fundi wako pamoja na familia nzima. Liendeshe mlimani likiwa limejaa, usikilize kama linavutavuta au kuchelewa kuondoka. Pakia sanduku la shule huku viti vyote vikiwa na watu. Nyanya naye apande mwenyewe, bila kushikwa mkono. Akishindwa kufika kiti cha kati, tafuteni jingine.